Mwenda kwa Miguu Naye ni Jirani: Barabara za Morogoro Mbele ya Amri ya Tano ya Mungu

Kila siku kabla ya mapambazuko, akina mama wa Choma, Towero, Luhungo na vitongoji vingine vya Milima ya Uluguru hushuka kwa miguu kuja mjini Morogoro. Vichwani hubeba ndizi, mboga za majani na maparachichi, wakiwahi wateja wa asubuhi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu na soko la Mawenzi. Njia za mlimani ni nyembamba, na wakati wa masika huteleza kama zilizopakwa sabuni. Lakini wanazijua tangu utotoni, na miguu yao imezizoea. Hofu yao huanza chini bondeni, pale njia ya miguu inapokutana na lami.

Atakayesimama robo saa karibu na kivuko chochote cha waenda kwa miguu mjini mwetu ataliona jambo ambalo limekuwa la kawaida mno, hata halitushangazi tena. Mama amesimama ukingoni mwa mistari myeupe, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Zinapita bodaboda tatu, inapita bajaji, inapita daladala, linapita gari la mtu binafsi lenye rozari iliyoning'inizwa mbele ya kioo. Hakuna anayesimama. Hatimaye anapata upenyo, analishika beseni kwa mkono mmoja na kukimbia. Akifika ng'ambo anageuka na kuinua mkono kumshukuru dereva wa mwisho, ambaye kwa kweli hakusimama; alimkosa tu.

Makala haya yanahusu mkono ule ulioinuliwa. Binadamu anapomshukuru binadamu mwenzake kwa sababu hakumuua, kuna jambo kubwa limeharibika kati yao, na Mama Kanisa hawezi kulinyamazia.

Jicho la mgeni

Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuutambua mkono huo hadi nilipoishi ugenini. Mapadre, watawa na walei wa kwetu wanaokwenda Roma kwa masomo hupewa na waliowatangulia maonyo mawili matatu siku ya kwanza: shika mkoba wako vizuri ndani ya basi, usipoteze kibali chako cha kuishi, na jifunze kuvuka barabara. Onyo la tatu huonekana kama mzaha, mpaka mtu asimame mbele ya uwanja wa Piazza Venezia, ambako barabara kadhaa humwaga magari kwa wakati mmoja na pikipiki ndogo hupenya kati yake kama nyuki. Ukingoja ukingoni kwa adabu hadi wakuone, utangoja mpaka jioni. Ukikimbia, unamchanganya dereva. Wenyeji hufanya namna nyingine: huweka mguu juu ya mstari, humtazama dereva usoni, kisha hutembea kwa mwendo uleule bila kusita. Na magari husimama, mengine kwa breki ya ghafla, yakiwa yamebakiza hatua moja.

Siku zangu za mwanzo nilimwona pale sista mzee mwenye mfuko wa mboga. Alishuka ukingoni bila haraka, magari yakasimama kulia na kushoto, naye akavuka hadi ng'ambo. Hakumshukuru mtu wala hakumlaumu mtu. Nilimfuata nyuma kama kifaranga, na katikati ya barabara ile ndipo nilipowakumbuka akina mama wa Uluguru na mikono yao iliyoinuliwa.

Nisieleweke kwamba Italia ni mfano wa utakatifu barabarani. Madereva wa huko wana sifa yao, na wengi wameistahili. Kila mwaka watu wapatao 3,000 hufa katika ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao ni waenda kwa miguu. Mnamo Novemba 2017, alipokutana na polisi wa barabara na wa reli wa Italia, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alisikitika kwamba madereva wengi hawana moyo wa uwajibikaji: wanatumia simu wakiwa wanaendesha, wana haraka isiyo na kiasi, na ushindani umewafanya wawaone wenzao kama vizuizi vya kupitwa, hata mitaa imegeuzwa kuwa viwanja vya mbio za magari. Yaliyosemwa na Askofu wa Roma juu ya madereva wa mjini kwake, sisi hatuna sababu ya kuyapamba.

Hata hivyo ipo tofauti moja, nayo inatufaa kuitafakari. Sheria ya Italia inamtaka dereva amwachie njia anayevuka kwenye kivuko. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inamwekea dereva wajibu wa kumheshimu mwenda kwa miguu kivukoni. Kwa maandishi, basi, hatupishani sana. Lakini yule sista mzee alijua kwamba njia ni haki yake, na dereva alijua kwamba sista anajua. Dereva wa Roma asiposimama, anajua ana deni ambalo amekataa kulilipa. Kwetu sisi dereva haoni deni lolote, na mwenda kwa miguu naye amekubali kwamba hadai kitu. Wote wawili wamefundishwa, bila mwalimu, kwamba barabara ni mali ya mwenye magurudumu na kwamba mwenye miguu ni mgeni anayeomba kupita.

Na fundisho la namna hiyo laweza kufutwa. Mwezi Januari 2024, jiji la Bologna lilikuwa jiji kubwa la kwanza nchini Italia kuweka kikomo cha kilometa 30 kwa saa katika mitaa yake mingi. Watu walilalamika sana. Mwaka ulipokwisha, hesabu za jiji zilionyesha kwamba hakuna mwenda kwa miguu hata mmoja aliyekufa kwa kugongwa mjini humo. Madereva walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kile ambacho jamii ilikubaliana kukivumilia.

Barabara iliyopita katikati ya makazi

Turudi nyumbani. Morogoro si mji wa kawaida kwa habari ya barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi na Kongo, na yale yanayokwenda Rwanda na Burundi, hufika pamoja hadi Msamvu. Hapo mengine hushika njia ya Mikumi na Iringa, mengine ya Dumila na Dodoma. Mabasi ya nusu ya nchi hupita hapo hapo. Katikati ya msafara huo mkubwa wanaishi watu wanaokwenda shambani, shuleni, sokoni na kanisani kwa miguu.

Tena makazi yenyewe yamekaa barabarani. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wengi nchini walihamishiwa karibu na njia kuu ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa kuwasogeza kwenye huduma. Kisha lami ikaboreshwa, magari yakaongezeka, na mwendo ukapanda. Leo, ukipita Mikese, Mkambarani, Sangasanga, Doma au Dumila, utaona nyumba upande mmoja na shamba, shule au kisima upande wa pili. Kwa mtoto wa hapo, kuvuka barabara kuu ni sehemu ya siku kama kunawa uso.

Na tupime kazi anayopewa mtoto huyo. Barabara ya njia mbili ina upana wa karibu meta saba. Mama mwenye mzigo kichwani, au bibi mwenye mkongojo, huenda kama meta moja kwa sekunde. Basi anahitaji sekunde saba kuvuka. Katika sekunde hizo saba, gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo katika maeneo ya makazi, husafiri karibu meta 100. Likienda kilometa 80, husafiri zaidi ya meta 150. Anayevuka anatakiwa kukisia, akiwa bado ukingoni, mwendo wa gari ambalo pengine halijamaliza kona. Akikosea kidogo, hana bodi ya chuma wala mkanda wa kumkinga. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka zaidi ya mara nne pale mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa. Kile ambacho dereva anakiita kuwahi kidogo, kwa anayevuka ndicho kinachoamua kama atalazwa hospitalini au atazikwa.

Katika ripoti yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani katika mwaka 2021. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Zaidi ya nusu ya marehemu hao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, yaani wasio na chuma cha kuwafunika. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu ya kifo inayoitangulia hii.

Mji wetu unajua kulia kwa ajili ya msiba wa barabarani. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota yaliyomwagika, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Taifa lilitangaziwa maombolezo, na majina ya marehemu yalisomwa makanisani na misikitini. Lakini wale wanaokufa mmoja mmoja kivukoni, Jumatatu huyu, Alhamisi yule, hawatangaziwi maombolezo. Wanahesabiwa katika nyumba zao tu. Na kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mama anapokufa barabarani nyumba nzima hupoteza nguzo ambayo ukoo ulikuwa umeiegemea.

Swala wa Mikumi na mama wa Msamvu

Kila aliyesafiri kwenda Iringa anaifahamu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu inapita ndani yake kwa takriban kilometa 50. Hapo kuna vibao vya mwendo, kuna matuta, na kuna kibao kinachotaja faini ya kumgonga kila aina ya mnyama, kwa dola za Marekani. Madereva walewale waliopita Doma kwa kasi hupunguza mwendo waingiapo hifadhini. Utingo huwaonyesha abiria twiga. Dereva hulitazama kila jani linalotikisika.

Hatuna kinyongo na swala. Ni kiumbe cha Mungu, naye Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alitukumbusha kuyatunza mazingira, nyumba yetu sote. Lakini mkristo ana haki ya kuuliza swali. Dereva asiyesimama kivukoni, akikamatwa, hulipa faini ndogo ya papo kwa papo. Ni kweli kwamba akiua atafikishwa mahakamani, na hilo ni jambo lingine na zito. Hata hivyo, kabla ya ajali, pale ambapo faini inatakiwa kumfundisha mtu, dereva anafundishwa kwamba mnyama wa Mikumi ana thamani ambayo mama wa Msamvu hana. Na jambo la kujifunza ni hili: hifadhini madereva wanaweza. Wakijua kwamba aliye mbele yao ana mwenyewe atakayemdai, mguu huondoka kwenye mafuta.

Tena sisi tunaoendesha tuna desturi nyingine inayotufichua. Tukimwona askari na ile kamera ya kupima mwendo tunayoiita tochi, tunawawashia taa wenzetu tunaopishana nao ili wasikamatwe. Huo ni upendo wa kindugu uliopotea njia. Tumejifunza kuonyana juu ya askari. Ni nani kati yetu aliyewahi kuwasha taa kumwonya mwenzake kwamba mbele kuna watoto wanatoka shule?

Kanisa linafundisha nini

Waamini wengi hudhani kwamba makosa ya barabarani ni shauri la dereva na trafiki. Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inapoeleza Amri ya Tano, inasema wazi kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine, barabarani, majini au angani, wana hatia nzito. Katekisimu haingoji mtu afe. Hatia iko katika kuhatarisha.

Mwezi Juni 2007, Baraza la Kipapa la Huduma za Kichungaji kwa Wahamiaji lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani. Waandishi wa habari wengi waliupokea kwa tabasamu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na amri kumi za dereva. Lakini ukizisoma kwa utulivu, ni katekesi kamili. Ya kwanza ni ileile ya Mlima Sinai inayokataza kuua. Nyingine zinasema barabara iwe chombo cha kuwaunganisha watu. Gari lisiwe njia ya kuonyesha ukuu na kutawala wengine. Familia za waliopatwa na ajali zisaidiwe. Aliyesababisha ajali na aliyeumizwa wakutanishwe kwa wakati ufaao ili msamaha uwaweke huru. Ya tisa inatuhusu zaidi leo: barabarani, mlinde aliye dhaifu kuliko wewe.

Hapo ndipo Injili inapoligeuza fundisho letu la mitaani. Mtaani tunasema mdogo ampishe mkubwa: baiskeli impishe bodaboda, bodaboda impishe daladala, daladala limpishe lori, na mwenye miguu awapishe wote. Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10, kuna watu watatu wanaopita njia ya Yeriko. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi wakapita upande wa pili. Wa tatu ndiye pekee ambaye Injili inatuambia alikuwa na mnyama wa kupanda, na huyo ndiye aliyeshuka. Alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, naye akaenda hadi nyumba ya wageni. Chombo chake cha safari kilimwongezea wajibu kwa aliyelala chini. Bwana alimaliza kwa kumwambia mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo, na amri hiyo haikuwaacha nje wenye magari.

Agano la Kale nalo lina sheria ambayo wamiliki wa vyombo vya usafiri wangefanya vyema kuisoma. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimzuie, hatia inamrudia yeye. Mmiliki anayejua kwamba breki zimechoka na bado anadai hesabu ya siku ileile. Anayepanga muda wa safari ambao hautimiziki bila kukiuka kikomo cha mwendo. Anayempa pikipiki kijana asiye na leseni, huyo amekwisha kuonywa. Na kiongozi anayejua kivuko fulani kimeua mara tatu, akangoja ya nne, naye aisome sheria hiyo polepole.

Je, waenda kwa miguu hawana kosa?

Wapo watakaosema kwamba waenda kwa miguu wenyewe hawafuati sheria. Wanavuka popote, wanavuka wakiwa na simu sikioni, wanavuka wakiwa wamelewa, na wafanyabiashara wamepanga bidhaa hadi kwenye njia za miguu. Hayo ni kweli, na hayana budi kusemwa. Anayeyachezea maisha yake naye anavunja Amri ya Tano, na mzazi anayemtuma mtoto wa miaka mitano dukani ng'ambo ya barabara kuu hana budi kujiuliza.

Lakini makosa haya hayalingani uzito. Mwenda kwa miguu akikosea, anayekufa ni yeye. Dereva akikosea, anayekufa pia ni mwenda kwa miguu. Haki ya kikristo humdai zaidi aliyepewa zaidi, na aliyepewa tani kadhaa za chuma na nguvu ya kuzikimbiza amepewa mengi. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kulaumiwa kwa kutotumia njia ya miguu ambayo haikujengwa, wala kivuko ambacho rangi yake ilifutika miaka iliyopita.

Tuwatendee haki na madereva. Vijana wetu wa bodaboda na bajaji, ambao wengi ni waamini wenzetu, hukimbizana na hesabu ya mwenye chombo. Asiyeifikisha jioni, kesho chombo kinapewa mwingine. Wao wenyewe ndio hulala wodini wakiwa wamevunjika miguu. Mahubiri yatakayomlaumu kijana na kumwacha tajiri wake aliyeketi kiti cha mbele kanisani yatakuwa nusu ya ukweli.

Tufanye nini

Kwanza, tulipeleke jambo hili kwenye Sakramenti ya Upatanisho. Katika kuchunguza dhamiri, sisi tunaoendesha tujiulize: Je, nimeendesha nikiwa nimekunywa? Je, nimesoma ujumbe wa simu gari likiwa linakwenda? Je, nimempita mtu aliyesimama kivukoni kana kwamba ni nguzo? Je, nimegonga nikakimbia? Anayebeba dhambi hii ya mwisho ajue kwamba msamaha wa Mungu upo, na kwamba toba ya kweli inaambatana na malipizi kwa aliyeumizwa.

Pili, tubadili namna tunavyobariki vyombo vya usafiri. Ni desturi njema mwamini kuleta gari au pikipiki yake mpya parokiani. Baraka hiyo si hirizi. Ingefaa paroko, kabla ya kunyunyiza maji ya baraka, amwombe mwenye chombo atamke mbele ya jumuiya yake kwamba atasimama kwenye kila kivuko. UWAKA na VIWAWA wana wanachama wengi madereva. Wao waanze, na mji utawaona. Gari moja likisimama, la nyuma yake hulazimika kusimama.

Tatu, tuanzie kwenye milango yetu. Baada ya Misa ya kwanza ya Dominika, mamia ya waamini humiminika barabarani, na mara nyingi wenye magari ndio wanaopiga honi ili watembeao wawapishe. Parokia inaweza kuweka utaratibu: watembeao watoke kwanza. Shule zetu nazo ziangalie malango yao. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limefanya kazi katika shule zenye ajali nyingi kwa hatua rahisi: njia ya miguu, tuta, kivuko, na mahali pengine kuhamisha lango la shule lisitazame barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo ambayo Morogoro haiwezi.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijue sehemu zinazoua katika mitaa yao, ziziandike, na kupitia Halmashauri Walei zizipeleke kwa TANROADS kwa barabara kuu na kwa TARURA kwa zile za mitaa na vijijini, kwa maandishi na kwa heshima. Barua iliyopokewa na kugongwa muhuri ni onyo ambalo hakuna atakayesema hakulisikia.

Tano, tusiwaache waliofiwa peke yao. Familia nyingi hazijui kwamba sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima inayomfidia mtu wa tatu, na mwenda kwa miguu aliyegongwa ni huyo mtu wa tatu. Kwa kutojua, wengine hukubali fedha kidogo za mazishi na kunyamaza. Jumuiya imsaidie mfiwa: ichukue namba ya gari, ihakikishe ajali imeripotiwa polisi na fomu ya PF3 imetolewa kwa majeruhi, imtafute mwamini mwanasheria aisimamie familia. WAWATA wamekuwa wakiwapelekea wafiwa unga na maharage. Waongeze na huduma hii.

Mwezi wa Novemba unakuja, mwezi ambao tunawaombea marehemu wetu wote. Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 2005 kwamba Jumapili ya tatu ya mwezi huo iwe siku ya kuwakumbuka waliokufa na walioumia barabarani. Inafaa katika Sala ya Waamini ya Dominika hiyo tuwataje waliogongwa katika eneo la parokia yetu, kila mmoja kwa jina lake la ubatizo, na tuwaombee pia waliowagonga. Kisha, tukitoka kanisani, sisi wenye magari tungoje ndani ya uzio mpaka akina mama wote wenye mabeseni na watoto mgongoni wamekwisha kuvuka barabara. Watupite bila kukimbia, na bila kutushukuru.